Chini ya jiwe kuna nini? Uliza kabla ya kumaliza kulipia ploti

Barua iliyotufikia juma hili imetoka Kitengela. Imeandikwa na mama mmoja ambaye ni mwenyekiti wa chama cha kina mama kumi na wawili. Anasema wamepata ploti ya futi 50 kwa 100 kando ya barabara, na nia yao ni kujenga maduka chini na nyumba za kupangisha orofa tatu juu yake. Pesa ni akiba yao ya miaka tisa, na zilizobaki watakopa kwenye sacco. Wameshalipa asilimia 10 ya bei na wana siku 90 za kumaliza kulipa. Fundi wao alichimba shimo la futi nne, akagonga jiwe, akawaambia wasipoteze pesa kumlipa mhandisi wa kupima udongo. Mama anauliza iwapo fundi amesema kweli.

Huenda amesema kweli, mama. Shida ni kwamba hana njia ya kujua. Alichokiona ni upande wa juu wa jiwe, na jengo lenu halitauliza juu pakoje. Litauliza chini yake kuna nini.

Ardhi ya kutoka Nairobi kwenda Athi River na Kitengela iliumbwa na volkano. Mamilioni ya miaka iliyopita uji wa moto ulimwagika, ukapoa, ukawa jiwe. Jivu likaanguka juu yake. Mahali pengine palikuwa na maziwa, na matope yakatulia humo. Kisha uji mwingine ukamwagika juu ya hayo yote. Wanajiolojia wana tabaka moja ambalo wamelipa jina la Athi yenyewe, na ni mchanganyiko wa majivu ya volkano na matope ya maziwa ya kale. Kwa hivyo ardhi hii imepangwa kama chapati kwenye sahani, nyingine ngumu na nyingine laini, na mtu aliyegusa ile ya juu hawezi kuapa kuhusu ya tatu. Jiwe la fundi laweza kuwa mwamba wa mita nyingi. Laweza pia kuwa bamba la futi mbili lililolala juu ya jivu laini, au jiwe moja kubwa lililozikwa peke yake.

Kwa nyumba ya chumba na sebule, tofauti hiyo huenda isimsumbue mtu maisha yake yote. Kwa orofa nne ni mambo mengine. Jengo la mawe na zege hulemea karibu tani moja kwa kila mita ya mraba ya kila orofa, kwa makisio ya kijuujuu. Mkijenga mita 12 kwa 24 na kupanda mara nne, mmeiwekea ardhi hiyo zaidi ya tani 1,000. Hizo ni lori 100 za tani kumi kumi, zimeegeshwa hapo mchana na usiku.

Watu wengi hudhani kwamba mzigo huo huishia pale msingi unapogusa. Sivyo. Uzito husambaa kwenda chini ukipungua polepole, na wahandisi hukadiria kwamba husikika hadi kina cha karibu mara mbili ya upana wa msingi. Msingi wa nguzo wenye upana wa mita moja na nusu utalemea hadi mita tatu hivi. Lakini nguzo zikikaribiana, mizigo yake hukutana huko chini na kuwa mzigo mmoja mpana, na hapo ndipo tabaka la mita saba au kumi nalo hubebeshwa bila kuulizwa kama liko tayari.

Kuna kisa ambacho wanafunzi wa uhandisi hufundishwa mpaka leo. Mwaka wa 1913, huko Transcona karibu na mji wa Winnipeg nchini Kanada, kulijengwa ghala kubwa la nafaka. Wajenzi hawakuwa wazembe. Walipima udongo wa chini ya shimo la msingi kwa kuuwekea mzigo kwenye eneo dogo, na ukastahimili vyema. Mwezi wa Oktoba, ghala likiendelea kujazwa nafaka, lilianza kuzama. Katika muda wa siku moja hivi likawa limeinama karibu digrii 27, zima, kama debe lililoegemezwa ukutani. Zege lenyewe lilikuwa zuri. Kilichokosa nguvu ni mfinyanzi laini uliokuwa chini ya ule mgumu wa juu, ambao kipimo kile kidogo hakikuweza kuufikia. Ghala hilo lilinyooshwa kwa kazi ngumu ya kuchimba chini yake na likatumika tena, lakini ni katika miaka ya 1950 ambapo wataalamu walirudi kutoboa mashimo marefu pale na kuthibitisha sababu.

Nimekisimulia kwa sababu wale watu walipima. Walipima juu tu, kama alivyofanya fundi wa Kitengela.

Ule udongo mweusi

Jiwe ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni zile futi nne ambazo fundi alizipita haraka, na bila shaka zilikuwa za udongo mweusi, ule mafundi wanaouita bleki koton. Jina hilo linatokana na pamba, ambayo hulimwa sana kwenye udongo kama huo huko India. Kwa mkulima si udongo mbaya. Kwa mjenzi ni balaa, maana hautulii. Wakati wa ukame hunywea na kupasuka nyufa ambazo unaweza kutia mkono mzima. Mvua ikinyesha hunywa maji, hufura na kuinua kila kilicho juu yake, na hauinui sawasawa. Kona yenye maji mengi huinuka kuliko kona iliyokauka.

Wengi wanajua kwamba nguzo hazifai kusimama juu ya udongo huu, kwa hivyo huchimba mashimo ya nguzo hadi kwenye jiwe. Wanachosahau ni sakafu. Wanaacha udongo mweusi katikati ya nguzo, wanamwaga mawe ya kujazia na zege juu yake, na wanapaka rangi. Mwaka wa pili jengo limesimama wima lakini sakafu ya duka imevimba katikati kama tumbo, vigae vimekatika, na mlango wa chuma wa kuvuta hauteremki mpaka chini. Mwenye duka hawezi kufunga biashara yake usiku. Mpangaji wa namna hiyo hangoji mwezi uishe.

Dawa ya sakafu ni kuuondoa udongo huo wote ndani ya eneo la jengo, kujaza murramu nzuri kwa tabaka za sentimita 15 hivi na kushindilia kila tabaka kabla ya kuongeza lingine. Lori moja lote likimwagwa mara moja na kushindiliwa juu juu, chini hubaki kama godoro. Kama udongo mweusi ni wa kina kirefu mno kuondolewa, mhandisi anaweza kuchora sakafu ya zege iliyobebwa na mihimili, na nafasi ikaachwa chini yake ili udongo ufure bila kuigusa.

Mnaweza kuupima ukorofi wake nyumbani. Chukueni udongo uliokauka kabisa, uusageni na kuuchekecha. Utieni ndani ya gilasi yenye kuta zilizonyooka hadi kimo cha sentimita mbili, kisha umwageni pembeni. Jazeni gilasi ile maji, mrudishe udongo polepole kidogo kidogo, mwache siku nzima. Ukitulia kwenye sentimita mbili na kidogo, hauna makuu. Ukipita tatu, kuweni na wasiwasi. Ukifika nne, mmekutana na mwenyewe. Jambo hili haliwezi kuchukua nafasi ya maabara, lakini linatosha kunyamazisha ubishi kwenye mkutano wa chama.

Tembea kabla ya kuchimba

Kabla ya kumlipa yeyote, zungukeni hiyo ploti kwa miguu. Tazameni nyumba za majirani, hasa zile zilizokaa miaka mitano au zaidi. Nyufa zinazoanzia kwenye pembe za dirisha na kushuka mshazari zikifuata viungo vya mawe kama ngazi zina maana kwamba ardhi inacheza. Tazameni kama baraza limeachana na nyumba. Ombeni ruhusa kufungua na kufunga mlango. Mlango unaokwaruza sakafu wakati wa mvua na kufunguka vizuri wakati wa kiangazi umeshawaeleza aina ya udongo. Nguzo za stima na za ua zilizoinama kila moja upande wake ni ushahidi pia.

Tazameni miti. Ule mti mfupi wa miiba yenye vinundu vyeusi, ambamo sisimizi huishi na ambavyo hulia kama filimbi upepo ukivuma, hupenda udongo mweusi usiopitisha maji, na umejaa tele nyika za Athi na Kajiado. Matete na mafunjo nayo hayadanganyi, maana yanaota penye maji hata kama siku mliyoletwa na dalali ardhi ilikuwa kavu kama mkate uliochomwa. Dalali hodari hawaleti wanunuzi mwezi wa Aprili.

Kisha waulizeni wazee. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na wahandisi niliozungumza nao wanasema wao pia huanzia hapo. Mchungaji aliyelisha mifugo yake pale kabla ya ploti kukatwa anajua maji yalikuwa yakisimama wapi na mkondo ulikuwa ukipita wapi. Anajua pia kama palikuwa na machimbo ya mawe. Viungani mwa Nairobi machimbo ya zamani hujazwa takataka na mabaki ya ujenzi, yakafunikwa udongo mwekundu na kuuzwa yakiwa tambarare ya kupendeza. Ardhi ya kujaziwa namna hiyo huendelea kudidimia kwa miaka. Kama ploti yenu ni tambarare na za majirani zote zina mteremko, ulizeni nani aliisawazisha na kwa kitu gani. Na kwa kuwa yenu ni ya biashara, ulizeni kama palipata kuwa na gereji au kituo cha petroli. Udongo uliolowa mafuta una madhara yake, na kuuondoa kuna gharama.

Kando ya mto msikubali kushawishiwa kabisa. Tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ilipokuwa ikinyesha Nairobi, jengo la ghorofa lililokuwa karibu na mto huko Huruma liliporomoka na kuua karibu watu 50. Si udongo peke yake uliolaumiwa, maana hata kibali cha ujenzi hakikuwako. Lakini ukingo wa mto ni mahali ambapo kosa lolote la mjenzi hukutana na maji.

Kazi ya mhandisi

Sasa tufike kwa yule mtu ambaye fundi anasema hana haja. Kwa ploti ya kimo chenu atataka mashimo kadhaa, moja karibu na kila kona na lingine katikati, kwa sababu kona moja yaweza kuwa na jiwe futi nne na kona ya pili futi kumi na mbili. Mashimo mengine yatachimbwa kwa jembe na sururu ili aone matabaka kwa macho. Hapa naomba tahadhari: mtu asishuke kwenye shimo linalomzidi kimo bila kuta zake kuzuiwa kwa mbao. Wachimbaji hufukiwa wakiwa hai kwenye mashimo kama haya, na chama kitakuwa na msiba kabla ya kuwa na jengo.

Kwa kina zaidi ataleta mashine ya kutoboa. Humo hutumia nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka kimo cha sentimita 76, ikigongelea mrija wa chuma ardhini. Mrija hugongelewa sentimita 45, na huhesabiwa mapigo ya sentimita 30 za mwisho. Mapigo manne ni udongo wa kulegea. Hamsini ni kitu kigumu kweli. Akifika kwenye jiwe haachi. Hulikata kwa mrija wenye meno na kutoa kipande kirefu mfano wa mshumaa, na desturi ni kuendelea mita tatu hivi ndani ya jiwe ili kuhakikisha ni mwamba, si bamba wala jiwe lililozikwa. Hizo mita tatu ndizo jibu la swali lenu, mama, na hakuna sururu itakayozitoa.

Sampuli huenda maabara. Huko hupimwa unyevu wake, jinsi udongo unavyonywea ukikauka, nguvu zake, na kama una chumvi za kula saruji na vyuma. Hatimaye mhandisi huandika ripoti inayosema msingi ukae kina gani, uwe wa aina gani, na kila mita ya mraba ibebeshwe mzigo kiasi gani. Serikali ina maabara ya vifaa vya ujenzi huko Industrial Area, Nairobi, na vyuo vikuu vyenye idara za uhandisi navyo hupima. Mkienda kwa mtu binafsi, hakikisheni jina lake limo kwenye orodha ya Bodi ya Wahandisi.

Mwakilishi mmoja wa chama na awepo siku ya kutoboa. Nasema hivi kwa kuwa kuna ripoti ambazo zimenakiliwa kutoka kwa ploti nyingine, zikabadilishwa jina la mwenyewe tu. Pigeni picha mashine ikiwa kazini, na zile sampuli zikiwa zimepangwa kwenye sanduku na alama za kina. Ripoti ikifika kabla mashine haijafika, msiilipe.

Gharama hutegemea idadi na kina cha mashimo, na hata zikiwa nyingi, ni sehemu ndogo mno ya gharama za jengo la orofa nne. Mara nyingine hata hupunguza bili. Mhandisi asiyejua ardhi ikoje hulazimika kuchora msingi mnene kwa hofu, na hofu hiyo hulipiwa kwa vyuma na saruji.

Wasomaji wa sehemu nyingine msidhani haya ni ya Kitengela peke yake. Udongo mwekundu wa Kiambu na Kikuyu ni mpole kuliko mweusi, lakini kwenye miteremko mikali huporomoka mvua ikizidi. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe ambayo maji yameyatoboa mapango kwa miaka mingi; nguzo inaweza kusimama sentimita chache juu ya uvungu. Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, una udongo mweusi pamoja na maji yaliyo karibu na uso wa ardhi. Mwenye kuchimbia tangi la petroli mahali kama hapo ajue kwamba tangi tupu huelea, na maji ya ardhini yakipanda linaweza kuinuka likapasua zege lililo juu yake. Huko Bonde la Ufa kuna majivu ya volkano yanayosombwa na maji chini kwa chini. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulifunguka upande wa Suswa na kuikata barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok. Magazeti ya nje yalipiga kelele kwamba Afrika inagawanyika, hali wanajiolojia wengi walisema maji yalikuwa yameondoa majivu laini yaliyojaza ufa wa zamani.

Turudi kwenye zile siku 90. Mwambieni wakili wenu amwandikie muuzaji kwamba mnaomba ruhusa ya kutoboa sasa, kabla ya kumaliza kulipa, na kwamba mtafukia mashimo. Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kukataa. Akikataa, hiyo nayo ni habari ya kupelekwa kwenye mkutano wa chama. Ripoti ikionyesha udongo mweusi wa mita moja na mwamba imara chini yake, endeleeni kwa furaha. Ikionyesha mita tatu za udongo huo, au jivu laini chini ya jiwe, mwambieni mhandisi awapigie hesabu ya msingi unaofaa, kisha mrudi kwa muuzaji na hesabu hiyo mkononi mzungumze bei upya. Wakili awaeleze pia mkataba wenu unasemaje juu ya zile asilimia 10 mkiamua kujitoa. Ninyi ndio mnaojua mnaweza kupoteza kiasi gani. Mimi ningechagua kupoteza asilimia 10 kuliko kutumia miaka kumi kulipia sacco jengo ambalo wapangaji wanalikimbia.

Na huyo fundi msimfukuze. Mashimo ya kuchimbwa kwa mkono yanahitaji mtu, naye ameshaonyesha kwamba kuchimba anajua. Siku mashine itakapokuwa inatoboa lile jiwe lake, awe hapo kando aone kitakachotoka.

Jumapili ijayo: mkataba wa kandarasi na vifungu ambavyo wenye majengo husaini bila kusoma.